Kabla ya kuwasha mashine ya unyevu Tabora

Kiangazi cha Tabora hukausha hewa hadi midomo ipasuke na watoto watoke damu puani. Hyumidifaya, yaani mashine ya kuongeza unyevu hewani, husaidia, ila kabla ya kuiwasha pata kipima unyevu na ukiweke mbali na mashine yenyewe. Asilimia 30 hadi 50 zinatosha. Zikipita 60 kuta huota kuvu, na mwenye pumu ndiye huumia wa kwanza. Kwa aliye Kigoma, jirani na ziwa, huenda kipimo kikaonyesha haihitaji kabisa.

Linalotutia hofu zaidi ni maji. Mashine nyingi ndogo hazichemshi: kisahani kilicho chini ya tenki hutetema na kuyarusha maji yakiwa ukungu, pamoja na kila kilichomo. Ukitumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, asubuhi utakuta unga mweupe juu ya kabati. Unga huohuo mmelala mkiuvuta. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi inabaki palepale. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yawe maji tena bila chumvi. Maji ya betri usiyaguse, maana ni rahisi mno kubeba chupa ya asidi kwa makosa. Mafuta ya karafuu na dawa za kuchua kifua pia zisiingie kwenye tenki.

Maji ya jana yamwage, hata kama tenki limejaa. Umeme ukikatika usiku kucha, maji yaliyotuama humo huanza utelezi, na mashine ikiwaka tena huurusha chumbani. Kila siku ya tatu chomoa plagi, loweka tenki kwa siki nyeupe nusu saa, kisha sugua kisahani taratibu kwa pamba, kisu kitakikwaruza. Suuza vizuri. Ukitaka kuua vijidudu, weka jiki kijiko kimoja cha chai kwa lita 4 za maji, subiri dakika 20, suuza mpaka harufu iishe. Siki na jiki visikutane kamwe: hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Iweke juu ya meza imara, mita moja au zaidi kutoka kitandani, mdomo usielekee soketi wala ukuta. Ya kuchemsha isifikiwe na mtoto, mvuke wake unaunguza. Mapazia yakiloa au dirisha likitiririka maji, izime. Mvua zikianza, ioshe, ikauke kabisa, ndipo uirudishe kwenye boksi.