Kutumia neno "tremble" pale tunaposema kutetemeka

Mwanafunzi wa Dodoma akiandika insha ya Kiingereza kuhusu asubuhi ya Julai yenye upepo mkali, mara nyingi ataandika "The cold trembled me". Ameifasiri "baridi ilinitetemesha" neno kwa neno. Kiswahili kinatoka kwenye kutetemeka hadi kutetemesha kwa kubadili kiambishi tu, lakini "tremble" halina uwezo huo. Mtenda ni yule anayetetemeka: "I trembled". Ukitaka kutaja kilichomtetemesha, leta "made": "The cold made me tremble". Baada ya "made me", "tremble" halipokei "to" wala "-ed".

Kwa baridi na homa, hata hivyo, neno zuri zaidi ni "shiver". "Tremble" litunze kwa hofu, hasira na udhaifu wa mwili: midomo, magoti, sauti.

Kosa la pili linatokana na "kwa". Tunatetemeka kwa hofu, na wengi wanaigeuza "kwa" hiyo kuwa "by". Hapa Kiingereza kinataka "with": "Her voice trembled with anger".

Kwenye mikono, jihadhari na "shake". "My hands shook" ni mikono ilitetemeka; "We shook hands" ni tulipeana mikono.

Ardhi nayo ina maneno yake, na sisi tulio kwenye mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa tunayahitaji. Tetemeko la ardhi ni "earthquake", likiwa dogo ni "tremor". "The ground trembled" ni sahihi, hata kama ni treni ya mizigo tu imepita.

"Tremor" na "tremble" ni ndugu, wote wa kitenzi cha Kilatini "tremere", kutetemeka. Kilatini cha mitaani kilikuwa na "tremulare", Kifaransa kikakibana kuwa "trembler", na Kiingereza kikakichukua huko. Hiyo "b" ilizaliwa njiani: midomo ikifumba kwa "m" kisha ikaachia ghafla kuingia "l", "b" hujitokeza yenyewe.

Kwa hiyo matamshi yasikutishe. Anza na "trem", achia "b" kama ya "mbuyu", kisha ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu kwa "l" na ibaki hapo. Ukiiachia mapema inatoka "trembo" au "tremboli". Katika "trembled", "-ed" ni sauti ya "d" tu, si "tremboledi". Ukiandika "trembling", "e" ya mwisho inaondoka.