Galicia: tazama maji kupwa, usitazame mawingu

Kila anayetaka kwenda Galicia huniuliza swali hilohilo: mwezi gani hakuna mvua? Huwa nawajibu kwamba Julai na Agosti ndiyo mikavu zaidi, lakini mtu anayekwenda kwa ajili ya vyakula vya baharini aende Oktoba au Novemba, na akubali kuloa. Kona hii ya kaskazini-magharibi ya Hispania, juu ya Ureno, huipokea mvua ya Atlantiki kabla haijafika kwa wengine. Santiago de Compostela peke yake hupata karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Ukisubiri ianuke ndipo utoke, utarudi nyumbani hujaona kitu.

Nimekwenda mara tatu. Safari ya kwanza, kila nikiamka nilitazama utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, na nusu ya siku zangu zikaishia dirishani. Safari ya pili nikaacha. Nikawa natazama saa za maji kupwa na kujaa, kama mama yangu alivyofanya kabla ya kwenda kuokota chaza. Kila kitu kikabadilika, kwa sababu watu wa pale nao ndivyo wanavyoishi. Jedwali lake linaitwa "táboa de mareas". Utalipata kwenye intaneti kwa kila bandari.

Tuanze na njia. Omba viza ya Schengen kupitia Hispania mapema. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ukifika Madrid, panda treni ya kasi stesheni ya Chamartín, na baada ya saa tatu na kitu utakuwa Santiago. Usiku mmoja au miwili hapo unatosha. Lala karibu na mji wa kale, na mvua ikichachamaa tembea Rúa do Vilar, barabara yenye mabaraza ya mawe ambapo unaweza kwenda mwendo mrefu bila tone kukugusa. Kisha teremka pwani kwa treni inayoelekea Vigo, ushuke Vilagarcía de Arousa au Pontevedra.

Pwani yenyewe ni ya mahori. Wenyewe huyaita "rías": mabonde ya mito ambayo bahari iliyameza, ndiyo maana maji ya chumvi yanaingia ndani kabisa hadi kwenye mashamba ya zabibu. Mahori makubwa ya kusini ni Muros e Noia, Arousa, Pontevedra na Vigo. Kiangazi upepo wa kaskazini husukuma maji ya juu yatoke kwenda bahari kuu, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini kuchukua nafasi yake. Kome hunenepa kwa maji hayo. Na ni maji hayohayo yatakayokutoa mbio ukijaribu kuogelea.

Mimi nakushauri uweke kambi kwenye hori la Arousa, usiku usiopungua mitatu. O Grove ina mahoteli mengi, na A Illa de Arousa ni kisiwa kitulivu kilichounganishwa na bara kwa daraja. Mimi hukaa Cambados, kwa sababu naweza kutoka mlangoni na kufika kwenye tope kwa miguu.

Fika ufukweni saa moja hivi kabla maji hayajapwa kabisa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya maji hukaribia mita nne, na bahari iliyokuwa ikipiga ukuta inageuka uwanja wa mchanga na matope. Hapo huja wanawake wanaoitwa "mariscadoras", wamevaa mabuti ya mpira, wana ndoo na reki, wameinama mgongo sawia. Asubuhi moja ya manyunyu nilisimama mbali kidogo na mmoja wao, mama wa makamo. Alikuwa akikwangua mchanga, anachukua kombe, yule mnyama mdogo wa magamba mawili, anampitisha kwenye kipimo kidogo cha chuma alichojifunga kiunoni. Anayepita anamrudisha mchangani, anamfukia kwa kidole. Anayekwama anaingia ndooni. Mamia ya kombe, mmojammoja. Nilimsalimu "bos días", akaniitikia bila kunyanyua kichwa, kisha akaniinulia kombe mmoja nimwone. Kila mmoja wao ana leseni na kiwango cha siku asichoruhusiwa kukipita. Kwa hiyo wewe usiokote hata mmoja, hata kama mtoto wako analia anamtaka. Ni kosa kisheria, na ni riziki ya mtu.

Mvua yenyewe wanaiogopa kuliko mgeni anavyodhani. Ikinyesha mfululizo kwa wiki nyingi, mito hushusha maji matamu mengi hadi chumvi inapungua, na kombe wanakufa kwenye mchanga. Ukiona bei imepanda ghafla, uliza kwanza kabla ya kunung'unika.

Ukitazama katikati ya hori utaona majukwaa ya mbao yamepangwa kama kijiji kinachoelea. Hayo ni "bateas". Kila moja huruhusiwa kuning'iniza kamba hadi mia tano, zenye urefu wa mita kumi na mbili, na kome wamezishika mwanzo hadi mwisho. Boti za wageni hutoka O Grove kwenda kuyaona, na nyingi huwagawia abiria kome waliochemshwa humohumo. Panda. Kaa nje kwenye sitaha hata kama kuna rasharasha, maana kamba ikivutwa ndipo utaona uzito wake.

Kwenye kula, jifunze saa zao. Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi, cha usiku kuanzia saa tatu. Ukienda saa moja jioni utakuta jiko limezimwa. Jumatatu usitafute samaki: boti nyingi hazitoki wikiendi. Siku nzuri za soko la Santiago, Mercado de Abastos, ni Alhamisi na Jumamosi asubuhi. Nunua kwa muuzaji, kisha peleka kwenye baa ya hapohapo sokoni inayopika kwa malipo kidogo.

Ukiona "S/M" kwenye menyu, maana yake bei ni ya soko la siku hiyo. Uliza bei ya kilo, na uombe wapime mbele yako. Mimi sikuuliza, mkahawa mmoja wa bandarini, na bili ilipokuja nilikuwa nimekula pesa za siku mbili zilizobaki. Kosa lilikuwa kuagiza "percebes", viumbe wadogo wa baharini wanaoganda kwenye mawe, kwa ishara ya mkono.

Hata hivyo uwale angalau mara moja. Percebes huota kwenye miamba inayopigwa na mawimbi makubwa, hasa Costa da Morte, pwani ya kaskazini-magharibi ya Galicia, na wanaowakwangua huhatarisha maisha. Wana umbo la kidole cheusi chenye kucha. Huwekwa kwenye maji ya chumvi yanayochemka, na maji yakirudi kuchemka wanatolewa, basi. Shika kucha kwa mkono mmoja na ngozi kwa mwingine, zungusha, vuta taratibu, ukielekeza kwenye sahani, maana hurusha maji yanayotia doa. Nyama ya ndani ni ya waridi na ina ladha ya wimbi lenyewe. Uwale wangali moto.

Pweza wao, "polbo á feira", hukatwa kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, akatiwa mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na paprika. Kama huli nguruwe, huyu ni salama, na kome, kombe na kaa wa kuchemsha vilevile. Jihadhari na supu ya "caldo galego", hutiwa mafuta ya nguruwe hata ikiwa ni mboga tupu machoni. Uliza: "Leva porco?"

Ukienda visiwa vya Cíes, mdomoni mwa hori la Vigo, kibali cha serikali ya Galicia hutangulia tiketi ya boti wakati wa Pasaka na kiangazi. Ni bure, huombwa mtandaoni, na nafasi za Agosti huisha upesi. Huko hakuna mapipa ya taka. Kila ulichobeba unarudi nacho.

Mwavuli uache, upepo wa hori utaugeuza. Chukua koti la mvua lenye kofia, na jozi mbili za viatu vyenye soli inayoshika, kwa sababu mawe ya mitaani yakiloa yanateleza vibaya. Usiku jaza magazeti ndani ya jozi iliyoloa, uiweke mbali na hita, uvae ile nyingine asubuhi maji yakianza kupwa.