Umeme umerudi, WiFi ipo, ila tovuti hazifunguki

Umeme ukikatika na kurudi, simu hushika WiFi kama kawaida lakini kila tovuti inagoma. Usikimbilie kile kitundu nyuma ya ruta kinachofuta mipangilio yote. Kikifuta jina na nywila ulizopewa na mtoa huduma, tatizo moja litakuwa mawili. Jua kwanza kilicholala ni laini yenyewe au DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba.

Kwenye kompyuta, fungua dirisha la amri uandike:

ping 1.1.1.1
ping wikipedia.org

Namba (1.1.1.1, seva ya DNS ya umma ya Cloudflare) ikijibu na jina likashindikana, laini ni nzima, DNS ndiyo yenye kasoro. Zikigoma zote mbili, achana na majina, tazama taa za modemu, kifaa kinachopokea laini ya mtoa huduma. Ya faiba ikiwasha taa nyekundu ya LOS (ishara imepotea), mwanga haufiki nyumbani, na hapo ni kumpigia mtoa huduma tu. Kompyuta ikiwa na anwani inayoanza na 169.254, haijapewa anwani na ruta kabisa.

Kisababishi cha kawaida ni zamu ya kuwaka. Umeme ukirudi, ruta na modemu huamka pamoja, na ruta ikiwahi huanza kazi bila kupokea anwani za seva za DNS. Chomoa zote mbili. Chomeka modemu peke yake, ngoja dakika 2 au 3 mpaka taa yake ya laini iache kupepesa, ndipo uchomeke ruta. Kama ni kifaa kimoja, kizime kwa sekunde 30 kisha ukiwashe.

Bado? Linganisha seva mbili:

nslookup wikipedia.org
nslookup wikipedia.org 1.1.1.1

Ya pili pekee ikijibu, seva unayotumia ndiyo mbovu. Ingia kwenye ruta kwa kivinjari (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, soma kibandiko chake), weka DNS ziwe 1.1.1.1 na 8.8.8.8 (ya Google), kisha toa kila kifaa kwenye WiFi na ukirudishe, la sivyo kitashikilia anwani za zamani.

Kama majina yako hupitia seva ndogo ya nyumbani, mfano kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ikague hiyo kabla ya yote: kukatika kwa umeme huweza kuharibu kadi ya memori, na ikiwaka inaweza kupewa anwani mpya huku vifaa vikiitafuta kwenye ile ya zamani. Itengee anwani moja ya kudumu kwenye ruta.

Kisha kuna saa, na hapa wengi hupoteza siku nzima. Ruta nyingi hazina betri ya saa, hivyo huamka zikidhani ni tarehe ya zamani, pengine 1970. Ukiwa umewasha DNSSEC (inayohakiki majibu ya DNS kwa saini za kidijitali) au DNS iliyosimbwa, saini na vyeti vya leo huonekana havijaanza kutumika, na kila jibu linakataliwa. Ili irekebishe saa, ruta inatafuta seva ya saa (inayotoa saa sahihi mtandaoni) kwa jina, na jina halipatikani kwa sababu saa imekosea! Kata mzunguko huo kwa kuandika seva ya saa kwa namba: 162.159.200.1, ya Cloudflare.

Kikigoma kifaa kimoja tu, ruta haina kosa. Futa majibu ya DNS kilichoyahifadhi: kwenye Windows andika ipconfig /flushdns. Kwenye Linux yenye systemd, resolvectl flush-caches. Kwenye Android, rudisha DNS ya faragha iwe ya kiotomatiki.