Jinsi ya kuomba saini za wachezaji wastaafu wa besiboli kwa posta, hatua kwa hatua

Niko huku Minnesota, Marekani, na hii ya kuwaandikia wazee wa besiboli ndo kitu nakipenda kuliko vyote nikitoka kazini. Watu wakisikia saini ya mchezaji wanawaza foleni kwenye maonesho na dola kibao, kumbe mzee aliyestaafu zamani ukimwandikia vizuri anaweza kukusainia kadi yenye picha yake, zile ndogo za kukusanya, mezani kwake na kuirudisha kwa posta, gharama yako bahasha mbili na stempu mbili bas. Ila wazee wanajibu barua jamani, kadi iliyotupwa tupu kwenye bahasha bila hata salamu wengi wanaiweka pembeni.

Hatua ya 1: chagua mtu

Usianze na mastaa wakubwa, wanapokea mzigo wa barua kila siku na wengine wanataka hela kwanza. Anza na mtu aliyecheza misimu miwili mitatu miaka ya 60 au 70 halafu akaenda kuuza bima au kufundisha shule. Hawa wana historia nzito. Waliocheza kati ya 1947 na 1979 walitakiwa wafikishe miaka 4 ligi kuu ndo wapate pensheni, mwaka 1980 sheria ikabadilika ikawa siku 43 tu, lakini haikurudi nyuma kuwachukua wale waliokwishaondoka, malipo kidogo yalianza kuja 2011. Mtu kama huyo ukimwambia unaikumbuka kazi yake inamgusa kweli, na mimi hao ndo nawaandikia kwanza siku zote.

Hatua ya 2: hakikisha yuko hai, kisha tafuta anuani

Ingia Baseball-Reference, tovuti ya rekodi za wachezaji wa besiboli, andika jina lake, kama amefariki tarehe ipo. Usiruke hii hatua! Ukituma kwa marehemu anayefungua bahasha ni mjane wake, anakutana na picha ya mumewe akiwa kijana na mtu asiyemjua anaomba saini, sio utu. Anuani zipo kwenye orodha za kulipia za wakusanyaji, au andika kupitia ofisi ya timu aliyochezea. Ukiipata ya nyumbani usiibandike mtandaoni na usithubutu kwenda kugonga mlango.

Angalia na majira pia, wazee wengi wa majimbo ya baridi kama huku kwetu wanahamia Florida au Arizona mpaka theluji iishe, barua yako inakaa tu kwenye sanduku. Kuanzia Mei ni salama zaidi.

Hatua ya 3: andaa kadi

Tuma kadi ya bei rahisi ambayo hata ikipotea hulii. Mwishoni mwa miaka ya 80 zilichapishwa nyingi mno mpaka leo zinauzwa kwa senti, na mimi naipenda ya 1987 ya kampuni ya Topps, ile yenye fremu iliyochapwa ionekane kama mbao, karatasi yake haing'ai kwa hiyo wino unashika vizuri. Kwa waliostaafu kabla ya hapo tafuta kadi za marudio, yaani za zamani zilizochapishwa upya, au kata karatasi nene nyeupe, anasaini hapo hapo.

Kadi zinazong'aa zina shida, wino unajikusanya vitone vitone na saini inakatika. Dawa yake ni poda ya mtoto: chukua pamba, weka poda kidogo sana, sugua taratibu sehemu unayotaka asaini mpaka ule mng'ao upungue, halafu futa na kitambaa laini kikavu. Poda ikibaki inaziba ncha ya kalamu ya mzee, kwa hiyo futa mara mbili.

Zisizidi kadi mbili. Mwambie moja abaki nayo akitaka, wengine hawana hata kadi zao wenyewe za kuwapa wajukuu.

Hatua ya 4: barua, hapa ndo penyewe

Iandike kwa mkono, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, anza na Mr. na jina la ukoo. Jitambulishe sentensi moja, kisha taja kitu kimoja alichofanya uwanjani, kitu maalum, mechi fulani au msimu fulani, sio "wewe ni bora kuliko wote" ambayo hata aliyekaa benchi mwaka mzima anajua ni uongo. Uliza swali moja jepesi, mfano mrushaji gani alimsumbua zaidi, na uache nafasi chini yake, maana wengi wanajibu hapo hapo kwenye barua yako na hiyo karatasi mimi naithamini kuliko kadi.

Omba aandike na jina lako. Wazee wamechoka na wachuuzi wanaouza saini, na kadi yenye jina la mtu haiuziki kirahisi kwa hiyo anajua wewe si mmoja wao. Kama unaitwa Mwanaidi au Nyamwaya liandike kwa herufi kubwa peke yake kwenye kikaratasi, asihangaike kukisia.

Hatua ya 5: funga na utume

Bahasha ya kurudishia iwe na stempu tayari na anuani yako, na kwa nyuma kwenye kona andika jina lake kwa penseli ili ikirudi ujue ni ya nani. Kadi ziingie kwenye mfuko laini wa plastiki, lile ganda gumu la kuhifadhia kadi acha nyumbani, linaongeza unene na posta wanadai zaidi. Usitume kwa njia inayomlazimu mzee kusaini kupokea. Pesa usiweke, akitaka mchango wa hisani atakwambia na utaamua.

Hatua ya 6: subiri, kisha kagua

Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwaka, usikumbushie. Ikirudi iangalie kwenye mwanga: saini ya mkono ina sehemu nzito na nyepesi na mistari inapopishana inaonekana, iliyogongwa kwa muhuri badala ya mkono ina wino sawasawa kote. Harmon Killebrew, yule wa Twins, timu ya huku Minnesota, aliyepiga homurani 573 (mpira unaopigwa mpaka unavuka uzio), aliwasisitizia wachezaji vijana kina Torii Hunter na Michael Cuddyer waandike jina linalosomeka, na ukiona saini za wale aliowafunda utaelewa. Hifadhi mbali na jua, maka peni inafifia. Halafu tuma kadi ya asante, bila kuomba kitu kingine.

Kwa mlioko Dar, Nairobi na kwingineko nyumbani: stempu za huko hazirudishi barua kutoka Marekani. Mwombe ndugu aliye huku akununulie stempu ya Global Forever, ile ya posta ya Marekani kwa barua za nje, uibandike kwenye bahasha ya kurudishia, moja inatosha barua ya aunsi moja, yaani kama gramu 28, kwenda nchi yoyote, na kadi mbili na karatasi hazifiki hapo.