Endoskopi ukiwa Kampala: tafuta mtu wa kwenda naye kwanza

Wenzangu Watanzania, Wakenya na Wakongo mnaoishi huku Uganda, daktari akikuandikia endoskopi usiishiwe nguvu, ni kipimo tu, wanapitisha mpira mwembamba wa unene wa kidole kidogo wenye taa na kamera, unashuka kooni mpaka tumboni na mwanzo wa utumbo, na mara nyingi hata dakika 15 hazifiki ushamaliza.

Usile kitu masaa 6 mpaka 8 kabla, hata ile roleksi (chapati ya mayai) ya asubuhi pale stejini iache, manake tumbo likiwa na chakula hawaoni vizuri na ukitapika kinaweza kuingia kwenye mapafu. Dawa zote unazomeza zitaje mapema, hasa za kuyeyusha damu kama warfarin, na mwenye sukari aulize insulini itakuaje siku hiyo. Omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, pia itaje, mara nyingi inasimamishwa wiki 2 ili bakteria wa vidonda vya tumbo asijifiche, ila usiache mwenyewe bila kuambiwa. Fomu huwa ni ya Kiingereza, uliza mpaka uelewe ndo usaini.

Ndani unalalia ubavu wa kushoto, wanakupulizia ganzi kooni, chungu kweli hiyo, koo linakufa ganzi hata kumeza mate unaona shida lakini unapumua kawaida. Mpira ukipita kooni utataka kutapika na hapo ndo wengi wanapaniki, vuta pumzi taratibu kwa pua, mate yaache yatiririke nesi atayafuta. Wanajaza hewa kidogo waone vizuri so utabeua, usione aibu. Kinyama cha kupeleka maabara wakikitoa husikii maumivu.

Sasa ukichomwa sindano ya kukulegeza lazima uwe na mtu, na sisi ndugu zetu wako Mwanza au Bukavu, kwa hiyo ongea na jirani au mtu wa kanisani au msikitini mapema, usisubiri siku yenyewe. Boda usipande jamani, hata jam iweje, unajiona uko fiti kumbe dawa bado iko mwilini ukisinzia pale nyuma unaanguka. Gari usiendeshe mpaka masaa 24 yapite.

Subiri ganzi iishe ndo ule. Koo kuuma siku moja mbili ni kawaida, ila ukitapika damu, choo kikiwa cheusi, ukipata homa au tumbo likibana sana, rudi hospitali usiku huo huo.