Kukagua video kwa FFmpeg kabla ya kufuta kadi ya kamera

Video kufunguka na kucheza vizuri dakika mbili za mwanzo hakuthibitishi kuwa ni nzima. Programu za kuchezea video huficha makosa: fremu ikiharibika, huziba pengo kwa vipande vya fremu iliyotangulia. Dawa ni kulisoma faili lote mpaka mwisho kwa FFmpeg, programu ya kushughulikia video kwa amri za kuandika:

`ffmpeg -nostdin -v error -i harusi.mp4 -map 0:v -map "0:a?" -f null - 2> makosa.txt`

Hapo `-v error` huacha makosa peke yake, na `-f null -` hutupa matokeo, kwa hiyo diski haijai. Zile `-map` mbili usiziondoe; bila hizo FFmpeg huchukua mkondo mmoja tu wa sauti, na maikrofoni ya pili inapita bila kukaguliwa. Ukiweka `-c copy` kazi itakwisha haraka sana, lakini fremu hazifunguliwi, basi ubovu wa ndani hauonekani.

Usiangalie `$?`, yaani namba ambayo amri huacha ikimaliza (0 humaanisha imefaulu). Mara nyingi hurudisha 0 hata makosa yakiwa mengi. Fungua makosa.txt, likiwa tupu, faili limesomeka lote. Ukikuta `error while decoding MB`, picha imevunjika hapo, na vile viraka vya rangi hubaki mpaka fremu kamili inayofuata. `Invalid NAL unit size` pia ni ubovu wa data yenyewe. Lakini `non monotonically increasing dts` ni mpangilio wa alama za muda, na aghalabu picha ni salama.

Inayotisha zaidi ni `moov atom not found`. Moov ndiyo faharasa ya MP4, na kamera nyingi huiandika mwisho, ukibonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikizima ghafla, picha zimo ila hakuna cha kuonyesha zilipo. Nakili faili kwanza, kisha jaribu untrunc, programu ya kurekebisha video zilizokatika: huijenga upya faharasa kwa kuiga video nzima iliyopigwa na kamera ileile, kwa mipangilio ileile.

Kabla ya kulaumu kamera, endesha `sha256sum` (amri inayokokotoa namba ya utambulisho kutokana na yaliyomo kwenye faili) kwenye faili la kadi na kwenye nakala. Namba zikitofautiana, kosa limeingia wakati wa kunakili au kusoma: badilisha waya au kisoma kadi, nakili tena. Zikilingana na makosa bado yapo, basi ubovu umo kwenye kadi tayari.

Folda nzima:

`for f in *.mp4; do ffmpeg -nostdin -v error -i "$f" -map 0:v -map "0:a?" -f null - 2> "$f.log"; done`