Mchezo wa maswali kwa darasa la wanafunzi 60, kwa simu moja tu

Michezo mingi ya maswali ya kidijitali hudai kila mwanafunzi awe na kifaa mkononi. Katika shule zetu nyingi hilo halipo: simu za wanafunzi haziruhusiwi, na kompyuta zikiwepo ni za kugombaniwa. Plickers, programu ya maswali ya darasani, hufanya kazi kwa namna nyingine. Mwanafunzi anashika kadi ya karatasi, mwalimu anashika simu janja, na kamera ya simu inasoma kadi za darasa zima ndani ya sekunde chache.

Kila kadi ina mchoro mweusi wa mraba usiofanana na wa kadi nyingine, namba yake, na herufi A, B, C na D, moja kila upande. Mwanafunzi anaigeuza kadi hadi herufi ya jibu lake iwe juu, kisha anaiinua. Herufi zimeandikwa ndogo kwa makusudi. Kwa kuwa michoro inatofautiana, wawili waliochagua B hawaonekani kushika kitu kimoja, hivyo kuchungulia kwa jirani hakusaidii. Mwanafunzi mwenye haya, ambaye hanyooshi mkono mwaka mzima, hapa anajibu kila swali bila macho ya wenzake kumgeukia.

Anza na kadi. Fungua akaunti kwenye tovuti ya Plickers, pakua faili la kadi, kisha lipeleke steshenari kwenye flashi. Kuna seti ya kadi 40 na seti ya kadi 63. Kwa kadi mbili kwa kila ukurasa, seti kubwa inamaliza karatasi 32 za A4. Chapa kwa wino mweusi mzito, upande mmoja tu. Ukitoa kopi, usikubali mashine ivute picha upande mmoja, maana mraba ukiwa mstatili kamera husumbuka kuusoma. Kata ukiacha ukingo mweupe pande zote, kisha bandika kila kadi kwenye manila au ubavu wa boksi ili isijikunje. Lamineshoni inayong'aa ikwepe hata kama ni bei rahisi: mwanga wa dirishani ukiigonga, kamera inaona weupe mtupu. Kama unataka kadi zidumu, gundi na manila vinatosha, au tumia plastiki isiyong'aa.

Darasa likizidi 63, gawa kadi moja kwa wanafunzi wawili. Wala usilione hilo kama pungufu. Wawili wanaolazimika kukubaliana herufi moja wanabishana kwa hoja, na ubishi huo ndio tunaoutafuta.

Kwenye akaunti, tengeneza darasa na uingize majina. Kila jina linapewa namba ya kadi, na ni rahisi zaidi ukifuata mpangilio wa daftari la mahudhurio. Waambie wanafunzi waandike namba yao ndani ya jalada la daftari. Wakibadilishana kadi kwa utani, jibu la mmoja linaingia kwa jina la mwingine na rekodi yako yote inapotea maana. Kisha weka programu ya Plickers kwenye simu na uingie kwa akaunti ileile. Bando linahitajika, kwa hiyo fungua darasa na maswali ukiwa mahali penye mtandao mzuri kabla ya kipindi, na hakikisha simu ina chaji.

Sasa maswali, na hapa ndipo mchezo unapofaulu au kufa. Simu inahesabu tu. Raha yenyewe inatoka kwenye majibu yasiyo sahihi yaliyotungwa vizuri. Kila jibu la uongo litoke kwenye kosa ambalo wanafunzi wako hulifanya kweli. Chukua 1/2 + 1/3. Weka A kuwa 2/5, atakayoichagua anayejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. B iwe 5/6, jibu sahihi. C iwe 2/6, ya yule aliyepata asili ya pamoja akasahau kubadili viasi. D iwe 1/6, ya aliyezidisha badala ya kujumlisha. Darasa likijibu hivyo, herufi pekee inakueleza nani amekwama hatua gani. Ukiweka 17 au 200 ili kujaza nafasi, hakuna atakayezichagua na umepoteza nafasi mbili.

Sayansi ina mitego mizuri zaidi. Uliza: usiku na mchana hutokea kwa sababu gani? A: Jua linaizunguka Dunia. B: Dunia inalizunguka Jua. C: Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake. B ni kauli ya kweli, ila haijibu swali, na ndiyo inayowanasa waliokariri. Si lazima utumie herufi zote nne. Tatu zenye maana ni bora kuliko nne zenye moja ya kujazia.

Akaunti ya bure huweka kikomo cha idadi ya maswali katika seti moja. Hilo lisikusumbue, kwa sababu maswali matatu magumu yanatosha kipindi. Mawili kati yake yaingize mara mbili mfululizo kwenye seti. Nakala hizo ni za kura ya pili, yaani kujibu swali lilelile tena baada ya wanafunzi kubishana.

Darasani, kama hakuna projekta, andika swali na majibu ubaoni. Soma kwa sauti mara moja. Wape sekunde 30 hadi 60 za kimya, na kimya kiwe kimya kweli, kisha sema: kadi juu. Mstari wa mbele washike kadi kifuani, wa katikati usawa wa uso, wa nyuma juu ya kichwa. Vidole vishike ukingo mweupe tu. Kidole kikigusa sehemu nyeusi kadi haisomeki, na hili ndilo kosa linalotokea kuliko yote. Simama mbele katikati, pitisha simu polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Skrini inaonyesha majina yaliyosomwa, kwa kijani kwa aliyepata na nyekundu kwa aliyekosa, pamoja na hesabu ya waliokwisha jibu. Waliobaki kawaida ni walioketi na dirisha mgongoni, kwa kuwa mwanga wa nyuma hutia kadi giza. Sogea pembeni uwapige kutoka upande mwingine, au wageuze kidogo.

Usitangaze jibu bado, wala usionyeshe matokeo ya kura. Wakijua wengi wamechagua nini, watafuata wengi. Angalia mwenyewe asilimia. Kama waliopata ni zaidi ya 70, eleza kwa kifupi na usonge mbele. Wakiwa chini ya 30, somo halijaeleweka na kubishana hakutasaidia. Rudi ubaoni ufundishe upya. Katikati ya hapo ndipo pazuri. Waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye herufi tofauti na amshawishi, dakika mbili. Kisha fungua nakala ya swali na upige kura ya pili. Mtindo huu uliendelezwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na unakaa sawasawa na darasa letu lililojaa, kwa kuwa jirani hakosekani.

Pointi wape mistari ya madawati, si mtu mmoja mmoja. Mstari uliopanda zaidi kati ya kura ya kwanza na ya pili ndio ushinde. Hivyo anayejua ana sababu ya kumweleza asiyejua, na mstari dhaifu una nafasi ya ushindi sawa na wengine. Majina ya waliokosa yabaki kwenye simu yako. Mtoto akisomewa kosa lake mbele ya wenzake mara moja, kesho atageuza kadi popote ilimradi ameiinua.

Mtandao ukikatika katikati ya mchezo, usiuvunje. Tumia vidole: kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, vinne kwa D, vibanwe kifuani ili aliye nyuma asione. Makadirio ya macho yanatosha kuamua kama kuna haja ya kura ya pili.

Baada ya kipindi, fungua ripoti kwenye tovuti na utazame herufi kabla ya alama. Kama nusu ya darasa walikwenda A kwenye lile swali la sehemu, kipindi kijacho kianze na asili ya pamoja. Kadi zikusanywe kwa mpangilio wa namba na zihesabiwe kabla ya kengele, na chapa nakala moja ya ziada ya kila kadi uihifadhi ofisini. Itakayopotea utaibadilisha kwa yenye namba ileile bila kugusa orodha.